Ujerumani bila ada au China kwa ufadhili: uliza pesa inadaiwa lini

Barua mbili ziliingia ndani ya wiki moja. Ya kwanza ilitoka chuo kikuu cha umma Ujerumani: PDF ya kurasa mbili, haina muhuri, haina mbwembwe, inasema umedahiliwa kusoma uzamili wa uhandisi wa maji kwa Kiingereza, muhula unaanza Oktoba. Ya pili ilitoka China, ina muhuri mwekundu wa duara wenye nyota katikati, na imeambatana na fomu iitwayo JW201. Binti wa kaka yangu alizichapisha zote mbili stationari, akazitia kwenye bahasha ya kaki, akapanda daladala hadi kwangu Tabata.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Umekula?”

“Nitakula. Kwanza niambie, ungekuwa wewe ungeenda wapi?”

Alikuwa na sababu ya kuja kwangu. Mimi nilisoma uzamili Leipzig. Mdogo wangu wa mwisho, yaani baba yake mdogo, alikaa Wuhan miaka mitano: mmoja wa lugha, minne ya shahada ya kwanza. Ninayoandika hapa ni niliyomwambia siku ile, pamoja na yale niliyoyakumbuka baada ya yeye kuondoka, ambayo kama kawaida ndiyo yaliyokuwa ya maana.

Alianza na ada, kama wanavyoanza wote. Nikamwambia hapo hatuna cha kulinganisha, barua zote mbili ada ni sifuri. Tofauti iko kwenye swali ambalo watu hawaulizi: pesa inadaiwa lini? Ujerumani inataka uioneshe yote kabla hujapanda ndege, halafu inakuachia uhuru wa kutafuta nyingine. China haikudai kikubwa mwanzoni, ila inakufunga mikono ukiwa kule, na gharama yake unakutana nayo siku ya kumaliza.

Kabla ya kupanda ndege

Kweli vyuo vya umma vya Ujerumani kwa kawaida havitozi ada ya masomo, hata kwa mgeni. Ila msemo huo una matobo. Jimbo la Baden-Württemberg, waliko Heidelberg, Stuttgart na Freiburg, linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kuwatoza wanafunzi hao tangu 2024, na kwa uzamili ni euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula. Kisha kuna vyuo binafsi, ambavyo vinatangazwa sana mitandaoni na vina ada kama vyuo binafsi vya popote. Barua ya mpwa wangu haikuwa ya huko. Yeye angelipa mchango wa muhula tu, euro mia moja hadi mia nne kutegemea mji, na mara nyingi ndani yake mna tiketi ya treni na mabasi.

Mlima wenyewe ni kile Wajerumani wanachokiita Sperrkonto, akaunti iliyozuiwa. Tangu Septemba 2024 anayeomba viza ya masomo anatakiwa awe ameweka humo euro 11,904. Kwa shilingi yetu ni zaidi ya milioni 30. Pesa ni yako, hakuna anayeila. Ukifika inafunguliwa euro 992 kila mwezi kwa miezi 12. Lakini lazima iwepo yote, kwa mkupuo, kabla ya viza. Huwezi kuwaambia ubalozini kwamba mjomba atatuma nusu baada ya mavuno.

Wakati wangu kiasi kilikuwa kidogo kuliko hiki, na bado kilituumiza. Kaka aliitisha kikao cha ukoo. Watu wale wale ambao kwenye harusi wanaahidi laki tano huku wamesimama, siku ile walitazama sakafu. Harusi ina kamati, ina kadi, ina mshehereshaji. Masomo hayana hata soda. Tulikamilisha kwa mkopo wa kaka kazini na kiwanja cha mama cha Chanika, na nitakiongelea kile kiwanja tena mbele.

Halafu pesa ilitumwa, ikarudi. Benki tuliyotumia iliandika majina mawili, pasipoti yangu ina matatu. Wiki mbili zilipotea, makato ya benki yalipotea, na miadi ya viza ikapita. Ukiamua njia hii, andika jina lako kwenye kila karatasi kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na simama hapo dirishani umwone karani anavyoliandika.

Kuna njia mbili za kuukwepa mlima huo. Moja ni ndugu anayeishi Ujerumani kwa kibali halali na mwenye kipato cha kutosha, akubali kusaini kwenye ofisi ya wageni ya mji wake kwamba atakubeba. Si jambo dogo kumwomba mtu. Ukikwama, serikali inamdai yeye. Nyingine ni ufadhili, hasa wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ambao wana ofisi Nairobi na wana kozi maalumu za uzamili kwa watu wa nchi zinazoendelea wenye uzoefu wa kazi. Mpwa wangu amehitimu juzi tu, uzoefu hana.

Upande wa China, ile namba kwenye fomu inasema mengi. JW201 ni ya wanaosoma kwa ufadhili wa serikali ya China. JW202 ni ya wengine. Ukiambiwa na wakala kwamba umepata “ufadhili kamili wa serikali” halafu karatasi ikaja JW202, kaa chini uisome barua yako upya. Majimbo na vyuo vina ufadhili wao, na baadhi unafuta ada peke yake, au unafuta ya mwaka wa kwanza halafu wa pili unaachwa na upepo.

Ufadhili kamili wa serikali unalipa ada, hosteli, bima ya afya, na posho ya kila mwezi: yuan 2,500 kwa shahada ya kwanza, 3,000 kwa uzamili, 3,500 kwa uzamivu. Yuan 3,000 ni kama milioni moja ya Tanzania. Nauli mara nyingi ni juu yako, pamoja na vipimo vya afya, viza, na kibali cha ukaazi ambacho lazima ukiombe ndani ya siku 30 baada ya kuingia. Hiyo ndiyo orodha yote. Kaka angeweza kuilipa kwa mshahara wa miezi michache bila kuuza kitu.

Ila beba akiba. Posho ya kwanza haikungoji uwanja wa ndege: kuna usajili wa chuo, kuna kufungua akaunti, kuna kupata laini ya simu. Mdogo wangu alikaa wiki sita bila kuiona, akila tambi za kikombe alizokopeshwa na jirani wa Zambia.

Ukishafika

Mwanafunzi mgeni Ujerumani anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu-siku 280. Ni sheria ya Machi 2024. Zamani zilikuwa 120. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025, na tangu Januari 2026 ni euro 13.90. Piga hesabu mwenyewe: saa kumi na tano kwa wiki za kupanga maboksi ghalani au kuosha vyombo hotelini zinalipa chumba na chakula. Mimi nilifanya ghala la vifurushi, zamu ya saa kumi alfajiri, Novemba, giza totoro na kidole kimekufa ganzi. Lakini mwaka wa pili sikuomba hata shilingi nyumbani, na kiwanja cha Chanika kilirudi kwa jina la mama.

Zile euro 992 nazo zina wenyewe. Bima ya afya ya lazima inakula kama 140 kwa mwezi, na ukishatimiza miaka 30 unatoka kwenye bei ya mwanafunzi. Chumba kwenye hosteli za Studentenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, ni nafuu, lakini foleni yake ni ndefu, na Munich si Leipzig: kodi ya kule inaweza kumeza karibu pesa yote hiyo. Bila mkataba wa chumba huwezi kusajili anwani yako, na bila kusajili anwani mambo mengine yanasimama. Halafu utaletewa barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama televisheni huna. Nilidhani ni matapeli, nikaitupa. Si matapeli.

China huko kote hupitii. Hosteli iko ndani ya chuo, mara nyingi jengo la wageni peke yao, wawili chumbani. Kantini iko chini, wali na mboga bei ya kicheko. Unalipa kila kitu kwa simu, kuanzia nauli hadi kiazi kitamu cha kuchoma barabarani. Mdogo wangu anasema hajawahi kuishi kwa raha ya mfukoni kama alivyoishi Wuhan.

Kazi, hapana. Huwezi kufanya kibarua bila ruhusa ya chuo na ya idara ya uhamiaji. Wapo wanaofundisha Kiingereza watoto kwa siri, na wanalipwa vizuri. Sheria ya uhamiaji ya kule inataja faini ya yuan 5,000 hadi 20,000 kwa anayefanya kazi bila kibali, na kosa likiwa zito unawekwa ndani siku tano hadi kumi na tano. Ukikamatwa, ufadhili nao shakani. Kwa hiyo kama nyumbani kuna wadogo wanaokutegemea uwatumie kitu kila mwezi, China itakubana. Posho inakutosha wewe, mmoja, na sabuni yako.

Na intaneti. WhatsApp, Google na YouTube zimefungwa. Watu wanapita kwa VPN, programu ya kukwepa vizuizi, ambayo leo inafanya kazi na kesho inagoma. Ilibidi mama, mwenye miaka sitini na kitu, ajifunze WeChat, programu ya Wachina ya kuchati na kupigiana simu, ili amwone mwanawe. Kwa anayesoma sayansi si suala la kupiga soga tu: utafutaji wa makala za utafiti kupitia Google nao unakwama.

Darasani

Hapa ndipo nilipomwona mpwa wangu akiweka kijiko chini.

Ujerumani hakuna anayekusukuma. Masomo mengi hayahesabu mahudhurio. Unaweza kulala muhula mzima, mwalimu asijue. Mwishoni mtihani mmoja unabeba kila kitu, na lazima ujisajili kuufanya kwenye mfumo kabla ya tarehe fulani. Ukisahau, hufanyi, hata ukilia mlangoni. Kwa kawaida unapewa nafasi tatu kwa mtihani mmoja. Ukifeli mara ya tatu somo la lazima, unaondolewa, na huwezi kuisoma kozi hiyo hiyo kwenye chuo kingine nchini humo. Nilimfahamu kijana mwenye akili sana aliyerudi nyumbani kwa mtihani wa takwimu. Si kwamba hakujua, alizoea kusukumwa.

Alama zao zinapanda kwa kushuka: 1.0 ndiyo bora, 4.0 umepita, 5.0 umefeli. Nilipiga simu nyumbani kwa furaha kwamba nimepata 1.3. Mama akanyamaza, kisha akasema, “Usijali mwanangu, Mungu yupo.”

China ni kinyume. Mahudhurio yanahesabiwa. Mwanafunzi wa uzamili ana msimamizi wake, na msimamizi ni kama baba: anajua uko wapi, anakuita maabara hata Jumamosi, anakualika chakula, anakasirika. Ukipata msimamizi mwema unatengenezwa mtu. Ukipata asiyekujali, miaka miwili au mitatu unakuwa wa kuosha vyupa. Kila mwaka ufadhili unapitiwa, na ukionekana umezembea posho inaweza kusimamishwa. Mtu anayehitaji kushikwa mkono, China itamshika. Hadi bega linauma.

Halafu lugha. Barua zote mbili zinasema kozi ni kwa Kiingereza, na zote mbili zinasema ukweli nusu. Wuhan mihadhara ilikuwa ya Kiingereza, lakini maelekezo ya mashine za maabara yalikuwa Kichina, kundi la WeChat la darasa lilikuwa Kichina, na mzaha wa wenzako ni Kichina. Leipzig nilisoma miaka miwili kwa Kiingereza nikamaliza nikiwa siwezi kubishana na mwenye nyumba. Hilo liliniponza.

Siku baada ya joho

Mhitimu wa Ujerumani anaweza kuomba kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi inayolingana na elimu yake. Akiipata, akafanya kazi miaka miwili huku akichangia mfuko wa pensheni na akijua Kijerumani cha kutosha, njia ya ukaazi wa kudumu iko wazi. Kwa mhandisi huo ni mlango mpana. Mimi niliugonga miezi 11. Mamlaka za maji, ofisi za miji, kampuni ndogo za ushauri, wote walikuwa wapole, wote waliuliza swali lile lile kuhusu Kijerumani changu. Nikarudi. Angekuwepo mtu wa kunikalisha nimalize ngazi mbili za Kijerumani Goethe-Institut, kituo cha lugha na utamaduni wa Kijerumani cha Dar, kabla ya kuondoka, huenda ningekuwa naandika haya kutoka Halle.

China haina dirisha kama hilo. Kwa kawaida wanataka mgeni mwenye shahada na uzoefu wa miaka miwili. Kuna upenyo uliofunguliwa 2017 kwa wahitimu wa uzamili na zaidi wenye wastani wa alama 80 kwenda juu, kama mwajiri yupo tayari. Wengi wanarudi. Ndiyo gharama niliyosema unakutana nayo mwishoni.

Lakini kurudi na Kichina si kurudi mikono mitupu. Reli ya Mombasa hadi Nairobi iliyoanza kusafirisha abiria 2017 ilijengwa na kampuni ya China. Ya Mwanza hadi Isaka imepewa Wachina. Barabara na miradi ya maji usiseme. Mdogo wangu alirudi na HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, ngazi ya tano, na kazi ya kwanza aliyopata ilikuwa mkalimani kwenye eneo la ujenzi wa barabara, kofia ngumu kichwani, akitafsiri matusi ya pande mbili kwa lugha ya heshima. Cheti chake cha uchumi kilikaa kabatini mwaka mzima. Leo ananunua mizigo Guangzhou kwa niaba ya wafanyabiashara wa Kariakoo na anamshinda dada mtu kipato, jambo analolisema kila sikukuu.

Vyeti vya pande zote mbili vitapelekwa TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, vitambuliwe, au kwa wenzao, CUE kwa Mkenya, NCHE kwa Mganda. Kwa hiyo kagua kwanza kama chuo kinatambulika kabla hujalipa hata senti. Cha Ujerumani huja na maelezo kwa Kiingereza. Cha China hakikisha unaondoka na tafsiri iliyothibitishwa, maana kuifuatilia ukiwa Dar ni adhabu.

Kwa anayetoka kidato cha sita hesabu inabadilika. Shahada za kwanza za vyuo vya umma Ujerumani nyingi ni kwa Kijerumani, na kulingana na cheti chako unaweza kulazimika kupita Studienkolleg, mwaka mmoja wa maandalizi na mtihani wake. China nayo ina mwaka wa lugha, ila wenye ufadhili wanalipiwa. Udaktari wa binadamu Ujerumani ni kwa Kijerumani na ushindani wake ni wa kukata na shoka. China upo kwa Kiingereza kwenye vyuo vilivyoidhinishwa na wizara yao ya elimu, na ukirudi kuna mitihani ya baraza la madaktari. Wakala akikuonesha chuo cha udaktari kisichokuwa kwenye orodha ya wizara, mshukuru kwa soda uondoke.

Tulipofika

Mpwa wangu ni mchapakazi, lakini huwa anaahirisha. Hilo analijua, nalijua, na Ujerumani ingelijua muhula wa kwanza. Kijerumani hana. Kaka ana milioni tisa na gari la kuuza. Nikamwambia ningekuwa na milioni 35 zimekaa tu na wewe una B1 ya Kijerumani, yaani ngazi ya tatu kati ya sita, ningekupeleka Ujerumani kesho bila kufikiri. Hatuna. Na kiwanja cha Chanika safari hii hakiguswi, bibi yako amekwisha kupanda minazi.

Kuna jambo lingine lililomlegeza. Nafasi ya chuo cha umma Ujerumani unaweza kuiomba tena mwakani, au miaka mitatu ijayo. Ufadhili wa serikali ya China ukiuacha huna hakika kwamba utarudi. Tena uzamivu Ujerumani mara nyingi ni ajira: unasaini mkataba na chuo, unalipwa mshahara, na Sperrkonto unaisahau. Mtu mwenye uzamili mzuri wa Wuhan au Nanjing anaweza kuomba nafasi hizo kama mwingine yeyote, mradi hiyo miaka mitatu aitumie pia kusoma Kijerumani jioni, hata kwa simu.

Akala, akaosha vyombo, akaondoka na bahasha yake. Jumatano akanitumia picha ya fomu ya vipimo vya afya ya China: damu, eksirei ya kifua, ECG ya kupima moyo, kila safu imejazwa na daktari. Nikampigia hapo hapo. Hospitali ilikuwa imegonga muhuri chini, pembeni mwa saini. Fomu ile inataka muhuri upite juu ya picha ya pasipoti, nusu kwenye uso, nusu kwenye karatasi. Bila hivyo ni karatasi tupu, na hata ikikamilika inadumu miezi sita tu. Alhamisi akarudi kwenye foleni.